Paka watano ndani ya nyumba moja, na mkojo unarushwa hadi ukutani

Swali: BintiMvita

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naleta kwenu jambo ambalo limeanza kututia unyonge nyumbani, na ambalo sipendi limalizike kwa mnyama kutupwa njiani. Tunaishi Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya zamani yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ua mdogo katikati, na madirisha yanayotazama uchochoro. Paka wetu ni watano. Wakubwa ni wawili: jike aliyekuwamo humu kabla sijaolewa, ambaye alikwisha kufungwa kizazi, na dume mzee aliyehasiwa tangu akiwa mdogo. Wapo pia ndugu wawili wa tumbo moja, dume na jike, wanaokaribia kutimiza miezi minane. Wa tano ni shume mwekundu aliyeingia kutoka uchochoroni katika kumi la mwisho la Ramadhani, akapewa mabaki ya futari, na tangu hapo hajaondoka.

Mkojo ulianza kurushwa baada ya kuja kwake. Nimemshuhudia mwenyewe: huunusa ukuta kwanza, kisha hugeuka akaupa mgongo, akainua mkia wima huku ncha yake ikitetemeka, akawa anakanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma, na mkojo ukaruka kwa mstari mwembamba hadi usawa wa goti langu. Pazia la sebuleni, mlango wa ukumbi, mguu wa kitanda na viatu vilivyopangwa kizingitini vyote vimepata sehemu yake. Lakini hayuko peke yake. Dume mzee, ambaye hakuwa na tabia hiyo, sasa hurusha chini ya dirisha la uchochoroni. Na yule jike mdogo hukutwa amechutama juu ya nguo za kufua, akitoa matone machache tu kisha akihamia mahali pengine na kuchutama tena.

Mavyaa anaishi nasi. Ni mtu wa huruma, na asubuhi yeye ndiye anayewagawia vichwa vya samaki, ila sasa hata mswala wake umerushiwa mkojo, na mtu anayeswali hawezi kulivumilia hilo. Shauri lake ni kwamba shume apelekwe sokoni Marikiti akaishi na paka wa huko. Mume wangu amenyamaza, na ninavyomjua, kunyamaza kwake ni kukubaliana na mama yake.

Wote watano wanatumia beseni moja la mchanga lililo chini ya ngazi, nalo husafishwa kila asubuhi. Kuta tunaziosha kwa maji ya moto yaliyotiwa Jik, na sakafu kwa dawa ya kuulia vijidudu, lakini unyevu wa kusi ukiingia harufu hurudi kana kwamba hakuna kilichooshwa. Naomba mwenye ujuzi anieleze tuanzie wapi, na kama inawezekana wote watano wakabaki.

Jibu: MzeeWaChumbageni

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Mimi niko Tanga, na maisha yangu yote nyumba yangu haijakosa paka. Kwanza mtulize mavyaa: paka harushi mkojo kwa chuki wala kwa kumkomoa mtu. Mkojo ule ni kama bango lililobandikwa mlangoni, linalowaambia paka wengine nani amepita hapa, amepita lini, na yuko katika hali gani. Shume wako amehamia katika nyumba yenye wenyewe wanne, hajajua mipaka yake iko wapi, na wenyewe nao hawajajua yake. Kwa sababu hiyo kumpiga au kumsugua pua katika mkojo kunamzidishia hofu, na hofu ikizidi mkojo huzidi.

Beseni moja kwa paka watano halitoshi hata kidogo. Hesabu inayofuatwa na wafugaji ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, kwa hiyo ninyi mnahitaji sita, na nyumba ikiwa ndogo msikubali kupungua chini ya manne. Msiyapange sita hayo pamoja chini ya ngazi, maana kwa paka mabeseni yaliyokaa safu moja ni choo kimoja kikubwa, na mmoja akilala mbele yake amewafungia wenzake wote. Hebu chunguza jioni moja uone nani hujilaza kwenye ngazi, nani humtazama mwenzake mpaka akageuza njia, na nani hungoja wengine wamalize kula ndipo asogee. Ugomvi wa paka mara nyingi hauna kelele. Ni macho na mahali mtu alipokaa. Tawanyeni mabeseni, moja likae juu, moja uani, jingine karibu na dirisha lile la uchochoroni, na mengine mahali penye njia mbili za kutokea. Mchanga mlaini wa pwani uliosuuzwa chumvi na kuanikwa unafaa, na maranda ya fundi seremala yanafaa pia ikiwa mbao zake hazikupakwa dawa.

Gawanyeni vilevile chakula na maji. Sahani tano katika mstari mmoja huwalazimisha kula bega kwa bega watu wasiopatana. Na nyumba zenu za Mji wa Kale zina neema ambayo nyumba za siku hizi hazina: kuta nene zenye vidaka. Ondoeni mapambo katika vidaka viwili vitatu vya juu, mtandike kitambaa, na kila mnyonge atapata pa kukwea na kutazama mambo bila kuguswa. Nimeona nyumba zilizotulia kwa jambo hilo zaidi ya jingine lolote.

Jibu: MpendaPakaUnguja

Pole sana, dada yangu. Kwetu watu huweka maganda ya limau, pilipili ya unga au vidonge vya nafthalini mahali paka anapopenda kukojoa, ili asiparudie. Ila nimeona pia kwamba ukiweka sahani ya chakula au kitambaa anacholalia pale pale alipokuwa akirusha, baada ya kupaosha vizuri, mara nyingi huacha, kwa kuwa paka hapendi kuchafua anapolia chakula. Hilo nakusihi ulijaribu. Na kuhusu Marikiti, tafadhali mwombe mama asubiri. Shume aliyezoea kulishwa akitupwa katikati ya mashume wengine hupigana mpaka apate majeraha, na vidonda vya meno ya paka hufanya majipu mabaya. Isitoshe, nafasi atakayoacha hapo uchochoroni itachukuliwa na shume mwingine.

Jibu: TabibuWaKabete

Dada BintiMvita, mimi ni daktari wa mifugo niliyesomea Kabete, na kwa miaka mingi wagonjwa wangu wengi wamekuwa mbwa na paka wa majumbani. Umeeleza kwa uangalifu, na maelezo yako yanaonyesha kwamba mna mambo matatu tofauti yaliyokutana chini ya paa moja. Yakitibiwa kama jambo moja hayataisha.

La kwanza, na ndilo la haraka, ni jike mdogo. Anayerusha alama husimama, hulenga kitu kilichosimama wima, na mara nyingi hujitokeza waziwazi bila haya. Yeye anachutama, anatoa matone, anahama na kurudia. Hiyo ni dalili ya kibofu kinachouma, ambacho huenda kimevimba kwa sababu ya wasiwasi, kwa maambukizi, au kwa chembechembe za mawe. Apelekwe kwa daktari wiki hii, na mkojo wake upimwe. Pia hajafungwa kizazi, nalo ni jambo zito kuliko mnavyodhani. Huku kwetu karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, jike huweza kuingia joto wakati wowote wa mwaka, na kila aingiapo huwachochea madume wote wanaomnusa. Jike mwenyewe naye huweza kurusha mkojo akiwa katika joto. Kwa umri wake huenda amekwisha kushika mimba, ambayo huchukua takribani wiki tisa, kwa hiyo daktari aliangalie hilo pia.

Hapa niongeze onyo kwa kila mwenye paka dume, hata kama halihusu kisa hiki moja kwa moja. Dume anayeingia na kutoka kwenye beseni, akajikamua, akalia, akajilamba sana sehemu za mkojo, na mkojo usitoke au utoke tone tu, huenda njia yake imeziba. Usingoje kesho. Dume aliyeziba huweza kufa ndani ya siku moja au mbili kwa sumu inayorudi katika damu. Watu hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula, na muda ukapotea.

La pili ni shume, na kwake dawa kubwa ni kuhasiwa. Mkojo wa dume kamili una kwa wingi asidi ya amino inayoitwa felinini, ambayo ikivunjika hutoa viini vyenye salfa, na hiyo ndiyo harufu inayowashinda. Homoni zikipungua, harufu hupungua na hamu ya kurusha hupungua. Katika madume waliohasiwa, ni takribani mmoja kati ya kumi ambaye huendelea kurusha mara kwa mara. Kwa majike waliofungwa kizazi ni takribani mmoja kati ya ishirini. Msitarajie mabadiliko siku ya pili, kwani homoni hutoka mwilini polepole, na wengi hubadilika ndani ya wiki chache. Katika wiki hizo bado anaweza kutia mimba, kwa hiyo atenganishwe na jike mdogo. Yule dume wa miezi minane naye ahasiwe, hata kama hajaanza kurusha, kwa sababu amekwisha kufikia umri wa kuanza. Mkiwa hapo wote wachanjwe kichaa cha mbwa, maana paka anayepigana vichochoroni huweza kukileta nyumbani.

La tatu ni dume mzee. Yeye amehasiwa, na mahali anaporusha panatuambia sababu: dirisha la uchochoroni. Kuna paka wa nje anayemwona au kumnusa kutoka pale. Zibeni sehemu ya chini ya dirisha kwa ubao au karatasi isiyopitisha mwanga, hewa ipite juu, na ukuta wa nje uoshwe pia, kwa kuwa huenda wapita njia wamekwisha kuweka alama zao hapo. Acheni kulisha paka wa mtaani chini ya dirisha hilo. Kwa kuwa ni mzee na tabia imeanza ghafla, figo na mkojo wake vipimwe kabla hatujasema ni wasiwasi mtupu.

Sasa usafi. Jik ni klorini; ikikutana na mkojo, ambao una amonia, hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na haiondoi kiini cha harufu. Mkojo wa paka ukikauka huacha mabaki yasiyoondoka kwa maji matupu, na unyevu ukiyafikia, harufu huamka. Ndiyo maana kusi ikivuma mnaona kama hamkuosha. Dawa za sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini mara nyingi zina viini vya jamii ya fenoli, ambavyo ini la paka haliwezi kuvivunja vizuri. Paka hukanyaga sakafu mbichi, akajilamba nyayo, akaugua. Nafthalini nayo ni sumu kwake, na pilipili huchoma macho na pua bila kumfundisha lolote, kwa hiyo ndugu yetu wa Unguja naomba anisamehe katika hilo. Shauri lake la sahani ya chakula ni zuri na ninaliunga mkono.

Tumieni sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, ambayo huandikwa hivyo kwenye pakiti, kipimo kimoja kwa maji tisa. Maji yawe vuguvugu, kwa kuwa moto mkali huharibu vimeng'enya. Lowesheni mahali hapo, paacheni robo saa, suuzeni kwa maji safi, acheni pakauke kabisa, kisha nyunyizeni spiriti ya hospitali na kuifuta, mkiwa mbali na moto. Jaribuni kwanza pembeni pasipoonekana. Ili msibahatishe, tafuteni ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti: zimeni taa za nyumba usiku, mulikeni kuta kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na mkojo uliokauka utang'aa hafifu. Mtashangaa mahali ambapo hamkupadhania.

Pakishakauka, chukueni kitambaa laini cha pamba, kisugueni taratibu kwenye mashavu ya paka aliye mtulivu kuliko wote, halafu kipitisheni kwenye kona hizo kila siku. Harufu ya mashavu ni alama ya amani kwa paka, na penye alama hiyo hamu ya kurusha hupungua. Zipo dawa za kuchomeka kwenye soketi zilizotengenezwa kuiga alama hiyo, lakini ni ghali na hazipatikani kirahisi kwetu, na kitambaa hakina gharama.

Jibu: BintiMvita

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Taa ya noti tumeazima dukani jana usiku, na mavyaa mwenyewe ndiye aliyeishika. Tumekuta alama nyuma ya kabati la vyombo na katika fremu ya mlango wa chumba chake, mahali ambapo hatukuwahi kupaosha. Jike mdogo amepelekwa kwa daktari leo na amepewa dawa za kibofu, na tumeambiwa hana mimba.

Nimebakiwa na mambo mawili. Mavyaa anauliza mswala na zulia vitakuwa safi kwa ibada kwa njia gani, kwani kuondoka harufu ni jambo moja na kuondoka najisi ni jingine. Anauliza pia kama kumhasi mnyama hakuna dhambi. La pili ni la Tabibu: shume akirudi kutoka kwenye upasuaji, arudishwe moja kwa moja kwa wenzake?

Jibu: MwanafunziWaRiyadha

Dada, sina cheo cha kutoa fatwa, nasema niliyosoma kwa masheikh wetu wa Lamu. Paka mwenyewe si najisi. Imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba paka ni katika wale wanaotuzunguka majumbani, na maji aliyoyanywa hutawadhiwa. Mkojo wake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi, na njia ni ileile ya najisi ya kati: kuondoa kwanza kiini chake, yaani rangi, utamu na harufu, kisha kupitisha maji safi juu yake. Harufu ikibaki baada ya kuoshwa kwa juhudi na ikawa ni vigumu kuiondoa, husamehewa. Kwa hiyo sabuni ya Tabibu itangulie na maji matupu yawe ya mwisho. Tahadhari moja: wanazuoni wengi wanahesabu kileo kuwa najisi, basi spiriti iishie ukutani, isipakwe kwenye mswala.

Kuhusu kuhasi, wanazuoni wametofautiana. Imenukuliwa katika madhehebu yetu katazo la kumhasi mnyama asiyeliwa, na Mahanafi wameruhusu pakiwa na manufaa. Wapo masheikh wa zama hizi wanaoruhusu kwa kuzuia madhara, mradi mnyama asiteswe. Mavyaa amuulize sheikh anayemwamini mtaani na amweleze hali yote, pamoja na kwamba chaguo jingine lililo mezani ni kumtupa mnyama aliyekwisha kuzoea kulishwa na watu.

Jibu: TabibuWaKabete

Asirudishwe moja kwa moja. Atarudi na harufu ya dawa na ya zahanati, na wenzake watamwona mgeni. Mpeni chumba chake chenye beseni, maji, chakula na pa kujificha, kwa muda wote wa kupona na wiki kadhaa za homoni kushuka. Badilishaneni vitambaa vya kulalia, chake kiende kwa wenzake na chao kije kwake, kisha muanze kuwalisha pande mbili za mlango uliofungwa. Wakila bila kunguruma, fungueni kidogo, na mwanzoni wakutane kwa muda mfupi mkiwapo. Akianza dume mzee kukodoa macho, funikeni mtazamo kwa mto au kipande cha boksi, msiwatenganishe kwa mikono, kwa kuwa paka aliyekasirika huuma hata anayempenda.

Anzeni na jike mkubwa, kwa sababu aliyefungwa kizazi na mwenye utulivu ndiye hupokea wageni kwa urahisi, na muache dume mzee awe wa mwisho. Ikiwa baada ya haya yote bado kuna anayerusha, kuna dawa za wasiwasi kama fluoksetini ambazo sisi madaktari huziandika kwa kipimo cha paka, nazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Msimpe ya binadamu kwa kukisia, na kamwe msimpe panadoli kwa maumivu ya upasuaji, kwa kuwa kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Jibu: MzeeWaChumbageni

Nimekumbuka jambo moja kuhusu kuta za chokaa, mwanangu. Chokaa hunywa mkojo, na sabuni haifiki ndani kabisa. Mkishaosha mara mbili tatu na ukuta ukakauka kwelikweli, mpeni fundi kazi ya kupaka rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, katika sehemu zile tu ambazo taa ilizionyesha. Ukuta uliobaki uacheni na chokaa yake ili uendelee kupumua. Wakati fundi anapaka, paka wote wakae uani au chumba kingine, na madirisha yawe wazi mpaka harufu ya rangi iishe.

Jibu: BintiMvita

Ahsante, mzee wangu. Fundi atakuja Jumamosi, na miadi ya shume kwa daktari ni Jumatatu, baada ya mavyaa kuzungumza na sheikh wake. Mabeseni manne yamekwisha kuwekwa, na mawili tutayanunua mwisho wa mwezi. Jike mdogo ameanza kutumia lile la juu, karibu na chumba cha mavyaa, na tangu jana hajachutama tena kwenye nguo.